Mirija Isiyonyonya

Kitu cha kwanza Siwema alichokiona siku yake ya kwanza kazini kilikuwa vumbi.

Maji yanayonyonywa hutikisika. Hata mtu akinywa kwa adabu, pembeni mwa mrija wake huwa na kiduara kidogo kinachocheza. Siwema alichungulia kwenye tundu alilokabidhiwa, akaona maji yametulia tuli, na juu yake limelala vumbi jembamba, kama lile la juu ya kabati la mtu aliyesafiri. Akachungulia tundu la jirani yake. Vumbi. Akachungulia la tatu.

"Wewe binti, tazama mbele," mlinzi alimwambia. "Hapa hatuchungulii. Hapa tunashika."

Nchi hiyo iliitwa Kifunikoni, na mtawala wake alikuwa Mfalme Shibe, mwana wa Shibe, mjukuu wa Shibe. Ilikuwa nchi kavu. Mvua ilipita juu yake kama mgeni asiyejua jina la mwenye nyumba. Chemchemi ilikuwa moja tu, na watu wa kale waliijengea chungu kikubwa cha udongo, kipana kama uwanja wa ngoma, wakakifunika kwa kifuniko kimoja kizito, na katika kifuniko wakatoboa matundu mia. Sheria yao ilikuwa fupi. Hakuna kuchota kwa kata wala kwa ndoo, maana kuchota huchafua. Kila mtu aje na mrija wake, autie tunduni, anywe ashibe, auchomoe, ampishe mwenzake. Na mrija utakaokutwa tunduni bila mdomo uchomolewe, tundu apewe aliye mbele kwenye foleni.

Kwa utaratibu huo tundu moja liliweza kunywesha mtaa mzima kabla ugali haujaiva. Ulikuwa na kasoro moja tu, kwamba ulimlazimisha mkubwa kusimama nyuma ya mdogo.

Kasoro hiyo ilirekebishwa na Waziri wa Akiba.

"Mtukufu Mfalme," alisema barazani, miaka mingi kabla Siwema hajazaliwa, "hebu tufikirie. Nipo katikati ya kazi za taifa, kiu inanishika ghafla. Nakimbilia chunguni, nakuta muuza vitumbua ameinama palepale ninapotaka kuinama mimi. Taifa litasimama wapi?"

Mfalme alifikiri, akaona ni kweli, taifa halingekuwa na pa kusimama. Ikapitishwa Sera ya Kiu ya Ghafla. Kila mkubwa aliruhusiwa kuacha mrija wake tunduni saa zote, uwe tayari. Na kwa kuwa sheria ya kale ilikataza mrija usio na mdomo, wakubwa waliajiri midomo. Ndivyo watu hao walivyoitwa, Midomo. Kazi yao ilikuwa kuketi juu ya kifuniko kutwa nzima, mrija wa bwana ukiwa katikati ya meno, na kutokunywa.

Wasinywe vipi? Wakubwa hawakuwa wajinga. Ncha ya chini ya kila mrija ilizibwa kwa nta.

Mlinzi alizunguka mara kwa mara na fimbo yake, akisimama mbele ya kila mmoja.

"Mrija wa Waziri wa Barabara, upo?"

"Mmh."

"Mrija wa Naibu wake?"

"Mmh."

"Wa shemeji ya Naibu?"

"Mmh."

Basi mlinzi aliridhika, maana mrija ulioitika ulihesabiwa kuwa unafanya kazi. Wakubwa wenyewe hawakuja. Nyumbani kwao mitungi ilijazwa kila asubuhi na punda waliopita mlango wa nyuma wa ikulu. Tangu sera ianze, kiu ya ghafla haikuwahi kumshika mkubwa hata mmoja, na jambo hilo lilisomwa kwenye hotuba ya kila mwaka kama mafanikio ya sera.

Umma ulibakiwa na matundu matatu.

Siwema alipata kazi kwa sababu alikuwa na haya. Msimamizi wa nyumba ya Waziri wa Akiba alipita mitaani akitafuta mdomo mpya, akamsalimia, naye akaitikia kwa kichwa.

"Huyu ndiye," msimamizi alisema. "Mdomo anao, lakini hautumii."

Ujira wake ulikuwa ahadi. Siku mrija wa Waziri utakapokuwa huru, mama yake Siwema ataruhusiwa kunywa hapo bila foleni. Mama alifurahi hadi akafunga kitenge chake kipya, akawatangazia majirani. "Mwanangu yuko chunguni," alisema. "Sasa tumekwisha kunywa."

Hakunywa. Mrija haukuwa huru hata siku moja, kwa sababu Siwema alikuwa ameushika.

Aliyekaa kushoto kwake alikuwa mzee aitwaye Ngoda. Midomo wa zamani walijua kuzungumza kwa pembe ya kinywa bila mrija kutoka, na Ngoda alikuwa fundi wa hilo.

"Shikamoo, babu," Siwema alimnong'oneza siku moja, na hiyo ilikuwa hotuba ndefu kwake.

"Marahaba, mjukuu. Unamshikia nani?"

"Waziri wa Akiba. Na wewe?"

"Mkaguzi Mkuu wa Majani."

"Sijawahi kumsikia."

"Utamsikia wapi? Alikufa mwaka wa nzige."

Siwema alisahau kutazama mbele. "Amekufa? Sasa unashika wa nini?"

"Hakuna aliyeniambia niache. Na mlinzi akiniuliza kama nipo, mimi nipo kweli. Hajawahi kuniuliza kama bwana wangu yupo." Ngoda alicheka kwa pua. "Bwana mzuri sana yule siku hizi. Hanigombezi kabisa."

Foleni ya umma ilianzia kwenye ngazi za chungu na kupotelea nyuma ya soko. Ili isichukize macho ya wageni, Waziri wa Sifa aliiwekea muda. Palisimikwa mti, na kivuli chake kilipogusa jiwe jeupe, mlinzi alipaza sauti, "Kusubiri kwenu kumekwisha! Rudini nyuma mkaanze upya!" Waliokuwa karibu na ngazi walirudishwa mwisho, na waliokuwa mwisho wakaambiwa waende nyumbani wajaribu tena baadaye.

"Makubwa!" alisema Mashavu, muuza vitumbua, mwanamke mwenye sauti ya kuvunja kuni. "Kumbe hata kusubiri kunaisha. Nilidhani kinachoisha ni maji."

Katika foleni hiyo ndimo alimokuwa mama yake Siwema. Alikuwa amekonda shingo, na midomo yake ilikuwa imepasuka kama shamba la kiangazi. Usiku nyumbani alizungumza maneno machache ili asimalize mate. Kila mchana alipandishwa hatua chache, akarudishwa. Kanuni ya kazi ilimkataza Mdomo kumtambua mtu wa foleni, na aliyeonekana akipungia ndugu alifukuzwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo mama alipofika pa kuonekana kutoka juu ya kifuniko, Siwema alitazama vidole vyake vya miguu. Mama naye alitazama mawingu ambayo hayakuwapo. Jioni walikutana nyumbani kama watu ambao kila mmoja ametoka safari yake. "Kazini salama?" mama aliuliza. "Salama." Wakalala.

Hata hivyo mama alikuwa anakauka, na Siwema aliliona hilo kila siku, kwa pembe ya jicho.

Mwishowe foleni ilimtuma Mashavu kwa Mfalme. Baraza lilikuwa limejaa, na kila mjumbe alikuwa na bilauri ya maji mbele yake, kwa ajili ya mazungumzo kuhusu kiu.

"Mtukufu Mfalme," Mashavu alisema, "watu wana kiu."

Mfalme alimgeukia Waziri wa Sifa. "Chungu kikoje?"

"Kimejaa, Mtukufu. Kimejaa hadi shingoni. Hakijapata kujaa hivi tangu enzi za babu yako."

"Umesikia, mama?" Mfalme alisema kwa upole. "Ukame wote huu, na chungu chetu kimejaa. Nionyeshe nchi nyingine yenye chungu kilichojaa."

"Kimejaa kwa sababu hatunywi, baba."

Baraza lilicheka. "Hayo ni mawazo ya foleni," alisema Waziri wa Sifa. "Mtu akisimama juani sana hupata mawazo."

"Matundu yako mia," Mashavu aliendelea, "na yetu ni matatu. Hayo mengine yameshikwa na watu ambao hata koo haliwachezi."

"Yanatumika," alisema Waziri wa Akiba.

"Yanatumika na nani?"

"Yanatumika kuwa tayari."

"Tayari kwa nini, mheshimiwa?"

"Kwa kutumika."

Mashavu alijifunga kanga upya kiunoni, na waliomfahamu walijua maana yake. "Basi nisikilizeni, wakubwa zangu. Babu zetu walilalamika kwamba mnatunyonya. Mimi leo nimekuja kuwaomba mnyonye. Nyonyeni! Njooni na matumbo yenu mnywe mpaka mikanda ikatike, halafu mtupishe. Mnyonyaji ana mwisho wake, hushiba akaondoka. Ninyi mtaondoka lini, na hata kunywa hamjaanza?"

Waziri mmoja aligusa bilauri yake, akaona aibu, akaiacha. Kisha aibu ikampita, akanywa.

Mfalme Shibe alikuna kidevu. "Huyu mama amenifumbua macho," alisema, na Mashavu kwa kitambo kidogo akaamini. "Matundu hayatoshi. Na kama matundu hayatoshi, dawa yake ni matundu."

Makofi yalipigwa mpaka bilauri zikalia. Aliitwa Mfinyanzi Mkuu wa ikulu aulizwe kama kifuniko kitastahimili kutobolewa tena. Mfinyanzi alikuwa na nyumba mpya ambayo bado ilihitaji paa.

"Kitastahimili, Mtukufu," alisema, "mradi kisitumike."

"Basi hakuna tatizo," alisema Waziri wa Akiba. "Sisi hatukitumii."

Yakatobolewa matundu mengine mia. Kila wizara ilipata akiba ya akiba yake. Iliundwa Kamati ya Kuchunguza Kiu, nayo ikapewa matundu kumi ili ichunguze kwa karibu, ikaajiri Midomo kumi, ikaenda likizo. Umma ulipewa tundu moja. Lilizinduliwa kwa ngoma na kuzungushiwa utepe mwekundu, ambao haukukatwa, kwa kuwa mkata utepe alikuwa safarini.

Siwema sasa alikaa akibanwa mabega pande zote mbili. Midomo wapya walikuwa wengi hata "Mmh" zao zikigongana zilisikika kama mzinga wa nyuki. Kifuniko kilikuwa na uzito wa watu ambao hakikutengenezewa kuwabeba, na kilikuwa na matundu mengi kuliko udongo.

Mchana mmoja kililia, "Kah!"

Ufa ulianzia upande wa ikulu ukapita katikati, mwembamba kama uzi. Ulipita kati ya miguu ya Siwema. Kifuniko kikadidimia kidogo, maji yakaanza kuvuja ukingoni, yakanywewa na mchanga mbele ya macho ya foleni nzima.

"Babu," Siwema alinong'ona, "tutadumbukia."

"Usiogope," alisema Ngoda. "Serikali haina haraka hivyo."

Baraza likaitwa tena. Safari hii Mashavu alizuiwa mlangoni. Aliyeruhusiwa ni Mkuu wa Kifuniko, msimamizi wa walinzi, mtu mwenye tabia mbaya ya kujibu alichoulizwa.

"Mirija imezidi," alisema Mfalme. "Ipunguzwe. Tuanze na ipi?"

Mawaziri wote walitazama dari, wakaigundua kuwa nzuri.

"Ile iliyolala, Mtukufu," alisema Mkuu wa Kifuniko. "Ni mingi. Kuna Midomo wengine wanamshikia marehemu."

"Astaghafiru!" alisema Waziri wa Akiba. "Mnataka kumpokonya marehemu? Mtu ambaye hawezi hata kujitetea?"

"Lakini hanywi, mheshimiwa."

"Hilo ndilo linalomfanya kuwa mtumishi wa mfano."

Waziri wa Sifa aliinua mkono. "Mtukufu, nilituma vijana wangu wakatazame. Mirija yetu haitikisi kitu, imetulia kama maiti. Inayotikisa ni ile mitatu ya foleni. Inavutwa kutwa nzima, bila nidhamu, fyu, fyu, fyu. Tundu la nne lina utepe, na halina kosa lolote."

Mfalme Shibe aliinamisha kichwa, akasikitika kwa ajili ya watu wake. "Kumbe wanaokivunja chungu," alisema, "ni wanaokunywa."

Ikaamuliwa kwamba kesho yake matundu matatu ya umma yazibwe kwa udongo, na foleni iambiwe kuwa chungu kinapumzishwa.

Kesho yake mama Siwema alikuwa amefika chunguni kabla ya jogoo. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alipanda ngazi zote kabla kivuli hakijagusa jiwe jeupe. Mbele yake alikuwa Mashavu, na mbele ya Mashavu hapakuwa na mtu. Siwema alimwona. Aliona mkono wake ukiwa umeushika mrija wake mkavu, akatazama vidole vya miguu, kisha akashindwa kuendelea kuvitazama.

Walinzi walikuja na madongo mikononi. Tundu la kwanza likazibwa. La pili. Mashavu aliweka unyayo wake juu ya la tatu.

"Ondoa mguu, mama."

"Ziba na mguu wangu humohumo."

Wakamwinua wakamweka kando kama gunia, akitukana mpaka ndugu zao wa mbali. Tundu la tatu likazibwa. "Kumefungwa," mlinzi alitangaza. "Chungu kinapumzishwa. Jaribuni tena baadaye."

Mama Siwema aliketi palepale kwenye ngazi, akaulaza mrija magotini, akafumba macho. Siwema alikuwa amewahi kuwaona watu wakiketi hivyo. Hawakuinuka tena wenyewe.

"Mrija wa Waziri wa Akiba," mlinzi wa zamu aliita mbele yake, "upo?"

Siwema hakuitika.

"Nimeuliza, upo?"

Akautoa mrija katikati ya meno yake. Ulikuwa umemwachia alama mbili mdomoni. Akauvuta kutoka tunduni, mrefu, mkavu kutoka juu hadi chini, na nta nyeupe kwenye ncha.

"Waziri hayupo," alisema. Sauti yake ilitoka na kutu. "Hajawahi kuwapo. Hapa nilikuwa mimi."

"Rudisha! Binti, utanifukuzisha kazi!"

"Tundu lisilo na mdomo ni la aliye mbele kwenye foleni. Sheria ndiyo hiyo."

"Hiyo ni sheria ya zamani."

"Imefutwa lini?"

Mlinzi alimtazama Mkuu wa Kifuniko, aliyekuwa akisimamia uzibaji. Mkuu, kwa tabia yake ile mbaya, alijibu alichoulizwa. "Haijafutwa," alisema.

Mzee Ngoda alitema mrija wake kama mtu anayetema mbegu ya embe. "Bwana wangu amekufa," alitangaza kwa sauti kubwa, kwa kinywa kizima. "Amekufa kweli, jamani, nilimzika mwenyewe. Nimechoka kumwitikia." Wa upande wake akautoa wake. Kisha wa Naibu, kisha wa shemeji ya Naibu. Midomo kumi wa Kamati waliitoa kwa pamoja, kwa kuwa walifanya kila kitu kwa pamoja. Mirija ilitupwa kando, ikalundikana kama kuni. Midomo wakashuka mmoja mmoja, na kifuniko kilipotuliwa mzigo kikaacha kulia.

Habari ilimfikia Waziri wa Akiba sebuleni kwake, kati ya mitungi saba iliyojaa. Alipoambiwa mrija wake umetoka, koo lilimkauka papo hapo. Kiu ya ghafla, ambayo alikuwa ameitabiri maisha yake yote, ilimshika kweli. Aliipita mitungi yote saba akikimbia, kilemba mkononi, mpaka chunguni.

"Tundu langu liko wapi?"

"Yote yako wazi, mheshimiwa," alisema Mashavu, akijifuta maji kidevuni. "Foleni inaanzia kule nyuma ya soko. Ukiharakisha utakuwa mbele ya Waziri wa Sifa. Naye anakuja mbio, mwone."

Ikulu ilikuwa kimya. Mfalme Shibe alisimama barazani akisikiliza zile "Mmh" alizolala na kuamka nazo tangu utoto, asizisikie. Alichosikia ni fyu, fyu, fyu, kutoka kila upande, na hakuwa na waziri hata mmoja karibu wa kumweleza maana yake. Aliagiza walinzi waitwe. Akaambiwa walinzi wako kwenye foleni.

Siwema alikuwa amemshika mama yake mkono, akamvusha juu ya ule ufa hadi kwenye tundu ambalo kwa muda wote huo lilikuwa la Waziri. Alimsaidia kuinama, akautia mrija wa mama majini, akamwekea kiganja mgongoni.

Mama alivuta mara moja, akakohoa, akavuta tena. Maji yakacheza. Mgongo wake uliokuwa umekauka kama ubao ulianza kupanda na kushuka chini ya kiganja cha binti yake, na hakuweza kusema lolote, kwa kuwa kinywa chake kilikuwa na kazi.

Siwema akainama mpaka kwenye sikio lake.

"Mama," alisema, "kila siku nilikuwa nakuona."